Mkulima, Kabla Hujanunua Gari la Mkononi la Kubebea Mazao, Soma Hapa Kwanza

Leo tunaweka pembeni kidogo mbolea, viwavijeshi na ukungu wa viazi, tuongelee jambo ambalo naulizwa sana kila mavuno yanapoisha: "Bwana shamba, nimeuza mazao, nataka kuchukua kagari ka kubebea mizigo. Niangalie nini?"

Swali hili nalipenda kwa sababu linaonyesha mkulima anafikiria mbele. Lakini pia linanitia hofu, na sababu yake nitakueleza.

Kuna mzee mmoja mkulima wa viazi mviringo ninayemfahamu vizuri. Msimu mmoja bei ilikuwa nzuri, akauza, akabaki na fedha ya maana. Ndani ya wiki ileile akaletewa pikapu na dalali. Gari linang'aa, rangi mpya, redio inapiga. Kadi ya gari akapewa nakala ya rangi, akaambiwa halisi iko kwa kaka yake muuzaji mjini, "wiki ijayo utaipata mzee wangu". Akalipa milioni nane na nusu, taslimu, chini ya mwembe.

Kadi halisi haikuja. Walikuja watu wawili na barua: gari limewekwa dhamana ya mkopo na mkopo haujalipwa. Gari likaondoka. Muuzaji simu haipatikani, dalali anasema yeye alikuwa anaunganisha tu. Msimu uliofuata mzee yule alipanda bila mbolea ya kupandia, maana hela ya pembejeo ilikuwa ndani ya zile milioni nane na nusu. Alivuna kidogo sana, na shule ya mtoto wake wa mwisho ikayumba.

Ndiyo maana leo nataka twende polepole, hatua kwa hatua. Gari bovu au gari la kesi halili fedha ya gari peke yake. Linakula na shamba.

1. JIULIZE KWANZA: NAHITAJI GARI AU NAHITAJI USAFIRI?

Haya ni mambo mawili tofauti. Wengi wetu tunahitaji usafiri siku chache kwa mwaka, lakini tunanunua gari la kukaa nalo siku 365.

Tupige hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu, wewe weka za kwako za mahali ulipo.

Tuseme unavuna magunia 100 ya mahindi na soko liko kilomita 25. Ukikodi gari unalipa shilingi 4,000 kwa gunia, jumla 400,000. Kuleta mbolea na mbegu tuseme 100,000. Kwa mwaka usafiri unakugharimu shilingi 500,000.

Sasa ununue Kirikuu kwa milioni 7. Ukibeba magunia matatu kwa safari (nitakueleza chini kwa nini matatu), utakwenda safari 34. Kwenda na kurudi kilomita 50, jumla kilomita 1,700. Kama gari linakwenda kilomita 12 kwa lita, utatumia kama lita 142. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 426,000. Ongeza bima na vibali, tuseme 250,000. Ongeza matairi, oili na matengenezo ya mwaka, tuseme 700,000. Jumla umefika shilingi 1,376,000.

Bado hatujahesabu gari lenyewe. Ukisema litakutumikia miaka saba, kila mwaka linakula milioni moja ya ule mtaji. Kwa hiyo gharama halisi ni 2,376,000 kwa mwaka, dhidi ya 500,000 za kukodi.

Maana yake gari usinunue? Hapana. Maana yake ni kwamba gari hilo lazima likutafutie hiyo tofauti ya shilingi 1,876,000, yaani kama 156,000 kila mwezi, baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva. Kama hapo kijijini kuna kazi ya kubeba mchanga, tofali, mifugo ya mnadani na mazao ya majirani, nunua. Kama gari litakaa chini ya mti toka Septemba hadi Mei, kodi tu, au ungeni watu wanne watano mkodi lori moja kubwa. Bei kwa gunia huwa inashuka mkijaza lori.

Hesabu inabadilika kwa mkulima wa nyanya, mbogamboga, maziwa au matunda. Huyu anakwenda sokoni mara tatu kwa wiki mwaka mzima, na akikosa gari siku moja mzigo unaoza. Kwake gari ni kama jembe. Kwa hiyo angalia unalima nini kabla hujaangalia jirani ana nini.

2. CHAGUA AINA KULINGANA NA MZIGO NA NJIA

Kirikuu (Suzuki Carry na ndugu zake kama Daihatsu Hijet): Injini ndogo ya cc 660, mafuta kidogo, spea zinapatikana mpaka wilayani. Lakini sikiliza vizuri: huko Japani alikotengenezewa, kigari hiki kimepangiwa kubeba kilo 350 tu. Hayo ni magunia matatu ya kilo 100 na kidogo. Sisi tunakipakia magunia kumi, tena ya lumbesa! Halafu tunashangaa springi zimelala, fremu imepasuka na klachi haimalizi mwaka. Unaponunua Kirikuu la mkononi, jua kwamba huenda limeishi maisha hayo.

Pikapu (mfano Toyota Hilux ya kebini moja): Hubeba kama tani moja, iko juu, inahimili barabara mbovu, na ile ya kuvuta miguu yote minne inakusaidia masika. Bei yake iko juu kwa sababu kila mtu anaitaka. Na kwa sababu kila mtu anaitaka, wezi na matapeli nao wanaipenda.

Canter: Hii ni biashara kamili. Inataka dereva mwenye leseni ya daraja linaloruhusu gari hilo na kazi ya kila siku. Ukiwa na heka tatu usijipeleke huko peke yako. Hiyo ni ya kikundi au AMCOS.

Na usidharau guta la injini la magurudumu matatu. Kwa mkulima wa bustani aliye kilomita tano toka sokoni, mara nyingi ndilo linalotosha.

3. USIDANGANYWE NA HERUFI ZA NAMBA

Hili linawaangusha wengi. Utasikia dalali anasema, "Mzee, hii ni namba E, bado mpya kabisa!" Herufi za kwenye namba ya Tanzania zinaonyesha gari limesajiliwa hapa nchini lini. Hazionyeshi limetengenezwa lini. Gari linaweza kuwa limetumika Japani miaka ishirini, likaja hapa na kupewa namba ya juzi. Mwaka wa kutengenezwa utauona kwenye kadi ya gari. Soma hapo.

Vivyo hivyo kilomita za kwenye dashibodi. Zinarudishwa nyuma kirahisi kuliko unavyofikiri. Angalia mpira wa pedeli ya klachi na breki, usukani, na kiti cha dereva. Dashibodi ikisema kilomita 60,000 na pedeli imelika mpaka chuma kinaonekana, wewe amini pedeli.

4. KARATASI KABLA YA INJINI

Injini mbovu inatengenezeka, karatasi mbovu zinakutoa nje kabisa. Kwa hiyo usianze kupiga staata. Anza na haya:

a) Kadi ya gari, ile halisi. Nakala haitoshi, picha ya kwenye simu haitoshi, na "iko kwa kaka" haitoshi. Kadi halisi isipokuwepo, dhana yako ya kwanza iwe kwamba gari lina mkopo, mpaka muuzaji akuthibitishie vinginevyo. Taasisi nyingi za mikopo hushikilia kadi.

b) Namba ya chesisi na namba ya injini. Zisome kwenye kadi, kisha uzione kwa macho yako kwenye gari, herufi kwa herufi. Kwa pikapu nyingi namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha fremu karibu na tairi la mbele upande wa kulia. Chukua brashi, futa tope. Ukiona pamechomelewa, pamekwanguliwa au herufi zimepinda zisifanane, rudi nyumbani. Kama injini imebadilishwa na kadi haijarekebishwa, hiyo ni kazi ya muuzaji kurekebisha kabla hujalipa.

c) Jina la kwenye kadi. Lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Kama mwenye gari amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa marehemu peke yake hatoshi, hata kama ndiye anaendesha. Kama gari ni la kampuni, omba barua rasmi ya kampuni inayoruhusu kuuza.

d) Msamaha wa kodi. Pikapu nyingi nzuri zinatoka kwenye miradi, mashirika na taasisi za dini. Baadhi ya magari hayo yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Ndiyo maana bei yake inaonekana ya kutupa! Nenda TRA na namba ya gari uulize kabla hujatoa hata senti.

e) Faini za barabarani. Kwa namba ya gari unaweza kuangalia kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani kama kuna faini hazijalipwa. Muuzaji azilipe, au mzikate kwenye bei.

f) Bima. Bima ndogo ni lazima kisheria. Hakiki kama ni halali kwenye mfumo wa TIRA MIS, usitegemee kijikaratasi peke yake.

g) Rangi ya kibao cha namba. Njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, utahitaji gari liwe la biashara na leseni ya LATRA. Weka gharama hiyo kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

5. SASA TUANGALIE GARI LENYEWE

Nenda na fundi wako. Narudia, fundi WAKO. Asiwe fundi wa muuzaji, na asiwe yule aliyeletwa na dalali. Mlipe posho yake ya siku mapema, gari lifae lisifae. Fundi anayelipwa tu pale gari likinunuliwa atapata sababu ya kulisifia.

Nenda asubuhi, mchana si muda mzuri. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika shika boneti. Kama ni ya moto, ameshaliwasha, na huenda anaficha tabu ya kuwaka kwa baridi. Mwambie utarudi kesho.

Injini ikiwa baridi bado:
Fungua kifuniko cha radieta. Maji yawe safi au ya rangi ya kuleti. Ukiona mafuta yanaelea, ni dalili mbaya. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si tatizo kubwa, hasa kwa dizeli. Lakini oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, na hapo gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe ina kasoro.

Washa, halafu tazama moshi:
Moshi wa bluu unaoendelea maana yake injini inakula oili. Ringi zimechoka au sili za valvu. Moshi mweusi mwingi ni mafuta mengi kuliko hewa, mara nyingi nozeli, pampu au eya klina imeziba. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, hasa huku kwenye baridi. Lakini injini ikishapata moto na bado unatoka mweupe mzito, uliza sana, inaweza kuwa maji yanaungua ndani.

Injini ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ikipumua moshi kwa nguvu kama sufuria ya maharage inayochemka, pistoni na ringi zimechoka. Kushusha injini si hela ndogo.

Uliza kuhusu taimingi belti. Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L zinatumia belti. Mwongozo wa kawaida ni kuibadilisha ifikapo kilomita 100,000. Ikikatika njiani kwenye dizeli, valvu zinagongana na pistoni na injini inaharibika. Muuzaji asipoweza kukuambia ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa na uweke hela ya mpya. Kirikuu lenye injini ya F6A nalo linatumia belti, lile la K6A linatumia cheni.

Chini ya gari:
Lala chini, usione aibu ya vumbi. Wewe ni mkulima. Tazama fremu nyuma ya kebini na pale springi zinapofungwa. Hapo ndipo mizigo mizito inapopasulia. Ukiona kipande cha chuma kimechomelewa juu ya fremu, uliza ni cha nini.

Hapa nina jambo ambalo fundi wa mjini anaweza asilifikirie. Mbolea nyingi za viwandani, kama CAN, ni chumvichumvi. Zikimwagika kwenye bodi na kupata unyevu zinakula chuma haraka, na samadi mbichi nayo hivyohivyo. Gari lililobeba mbolea miaka mingi bila kuoshwa huoza kwenye sakafu ya bodi na kwenye maungio ya fremu. Muuzaji atafunika kwa rangi nyeusi. Beba bisibisi, gonga polepole sehemu zenye rangi mpya. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti ya kopo au bisibisi inazama.

Kwa mlango na pembeni chukua sumaku ndogo. Inashika kwenye bati, lakini kwenye puti nene haishiki. Puti kidogo ni sawa, kila gari limekwaruzwa. Ubavu mzima ukiwa puti, hilo limepinduka.

Nusa bodi pia. Kama gari limekuwa likibeba viuatilifu na harufu bado ipo, usilitumie kubeba chakula wala watu mpaka lioshwe vizuri kabisa, na maji ya kuoshea yasiende mtoni wala kisimani.

Matairi:
Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mfano 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri lakini limezeeka, raba imekauka na inaanza kupasuka. Likipita miaka sita likague kwa makini. Kama matairi yameliwa upande mmoja, angalia bushi, boljointi na tairodi.

6. LIJARIBU KAMA UTAKAVYOLITUMIA

Gari tupu kwenye lami halisemi ukweli. Omba mpakie mzigo wa kawaida, hata magunia mawili matatu, na mpande mlima. Muuzaji mkweli hatakataa. Mafuta jitolee wewe.

Ukiwa mlimani tazama geji ya joto. Mkifika juu simameni, liache liungurume dakika kumi, halafu tazama tena. Gari linalochemsha likiwa na magunia mawili, litakulaza njiani ukiwa na nyanya.

Kupima klachi: simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia namba tatu, achia klachi polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma tu, klachi imekwisha.

Breki: kwenye njia iliyonyooka na isiyo na watu, ukiwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, kanyaga kwa nguvu. Gari lisimame limenyooka, lisikuvute pembeni. Breki ya mkono ijaribu kwenye kilima.

Kama ni la kuvuta miguu yote minne, lijaribu kwenye mchanga au tope, usilijaribu kwenye lami kavu. Watu wengi wanalipia "fobaifo" ambayo ilishakufa miaka mitano iliyopita.

7. BEI NA MALIPO

Baada ya ukaguzi kaa na fundi, andikeni kila kinachohitaji kutengenezwa na bei yake. Mfano: taimingi belti, matairi mawili, bushi, betri. Nenda na karatasi hiyo kwa muuzaji. Ukisema "punguza bwana" atakupunguzia laki moja. Ukimwekea orodha mezani mtaongea lugha moja.

Dalali si adui, lakini jua kwamba anaishi kwa cha juu. Sisitiza kuonana na mwenye gari mwenyewe na kusikia bei mdomoni mwake. Ukizuiwa kuonana naye, hapo pana jambo.

Usitume kianzio kwa simu kwa gari uliloliona kwenye picha tu. Hata kama bei ni nzuri kiasi gani, na hata kama wanakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Huyo mteja wa njiani mimi namsikia miaka yote, sijawahi kumwona akifika.

Mkataba wa mauziano ufanyike kwa wakili, wenye namba ya chesisi, namba ya injini, bei halisi, picha na saini za wote na mashahidi. Mwenzi wako awepo, na wa muuzaji pia awe shahidi ikiwezekana. Lipa kwa benki ili ubaki na ushahidi. Chukua kadi halisi siku hiyohiyo ya malipo, na nendeni pamoja TRA kuanza kuhamisha umiliki. Kila mmoja awe na TIN na kitambulisho.

Usiseme "nitahamisha baadaye". Kadi ikiwa na jina la mtu mwingine, kisheria gari bado linaonekana la kwake. Akifariki, akifilisika au akigombana na mkewe mahakamani, na wewe umo.

8. USITUMIE HELA YOTE

Kanuni yangu ni hii. Kabla hujataja bei ya gari, toa kwanza hela ya mbegu, mbolea na dawa za msimu ujao, chakula cha nyumbani na ada. Weka pembeni, ikiwezekana kwenye akaunti tofauti. Kinachobaki ndicho cha gari. Na katika hicho, bakiza kama sehemu moja ya tano kwa matengenezo ya miezi mitatu ya kwanza, kuhamisha umiliki na bima. Ukiwa na milioni 10 za gari, tafuta gari la milioni 8.

Na usinunue wiki ileile uliyouza mazao. Wauzaji wanajua kalenda yetu vizuri kuliko tunavyodhani. Wanajua mahindi yanauzwa lini na korosho zinalipwa lini. Kaa mwezi mmoja. Angalia magari matano kabla ya kuchagua moja. Kama ilivyo kununua ng'ombe wa maziwa mnadani: anayenunua wa kwanza kuonyeshwa ndiye anayerudi na asiyeshika mimba.

KWA UFUPI, ANDIKA KWENYE DAFTARI LAKO

Hesabu kwanza kama gari litajilipa. Chagua aina kwa mzigo. Kadi halisi na NIDA vifanane. Chesisi uione kwa macho. TRA uende kabla ya kulipa. Fundi awe wako. Injini uione ikiwa baridi. Jaribu na mzigo mlimani. Lipa benki, hamisha umiliki siku hiyo. Hela ya mbolea usiiguse.

Yule mzee wa viazi niliyemtaja mwanzo, kesi yake iko polisi mpaka leo. Siku hizi anakodi lori pamoja na majirani watatu, na viazi vinafika sokoni kama kawaida. Juzi ameniambia, "Bwana shamba, nikipata tena nitanunua, lakini safari hii nakuja kukuchukua kwanza twende wote." Nikamwambia, mzee wangu, mimi mambo ya injini najua kidogo tu, mchukue fundi. Mimi nitakuja kusoma kadi.

Basi ndugu mkulima, ukiwa na mpango wa gari msimu huu, lisome somo hili pamoja na mwenzi wako na fundi wako kabla ya kutoka nyumbani. Somo lijalo tutarudi shambani: jinsi ya kukausha mahindi mpaka kiwango salama ili sumukuvu isikuharibie soko. Nawatakia mavuno mema.